Neno "mbovu" kwenye fomu ya makabidhiano

Fomu ya makabidhiano ninayoizungumzia niliitengeneza mwenyewe, na niliionea fahari. Ilikuwa na kurasa tisa zenye majedwali ya kujaza namba ya kila valvu, mahali ilipo, kipenyo chake, mwaka ilipofungwa, hali yake, na saa ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa mujibu wa ratiba ya mgao. Wakati huo nilikuwa mhandisi kijana katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wenye vilima, na fundi aliyesimamia mgao kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa anakaribia kustaafu. Nilimwita ofisini, nikampa fomu, nikamweleza kwamba tunataka kila anachokijua kibaki kwenye mamlaka kabla hajaondoka. Aliijaza kwa siku mbili, kwa mwandiko uliotulia wa watu waliofundishwa hati shuleni, akasaini kila ukurasa. Tukatoa nakala tatu: moja ikaenda masjala, moja kwa ofisa utumishi, moja nikabaki nayo. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, katika mamlaka za maji na kwingineko, kwa sababu najua mtakutana na fomu kama ile katika wiki zenu za mwanzo, na baadhi yenu mtaagizwa kutengeneza nyingine.

Wiki ya tatu baada ya mzee kuondoka, kijana aliyerithi zamu yake, mwenye stashahada na bidii isiyo na shaka, alifika kwenye chemba ya bomba la inchi nane linaloshuka kutoka tangi kuu, likapita bondeni karibu na soko, kisha likapanda mtaa wa kilimani. Ratiba ilisema valvu ifunguliwe saa 11:00 alfajiri. Saa 11:00 kamili alishika ule mpini mrefu wa chuma akaizungusha mpaka mwisho, mizunguko kama 26, kwa dakika mbili tatu. Bomba lilikuwa limekaa siku mbili bila maji, limejaa hewa tupu. Maji yaliingia kwa kasi, yakaisukuma hewa ile kilimani ambako haikupata pa kutokea, ikabanwa, ikarudisha msukumo, na kona ya bomba iliyo pembeni ya soko ikapasuka. Kulipopambazuka, vibanda vya nafaka vilikuwa vimesimama kwenye tope na watu walikuwa wakianika mahindi yaliyolowa juu ya mabati. Mtaa wa kilimani ulikaa siku nne bila maji. Kijana alitakiwa kujieleza kwa maandishi, na barua yake ilikuwa na sentensi moja yenye maana: alifuata ratiba. Ilikuwa kweli.

Nilirudi kwenye fomu yangu nikaisoma mstari kwa mstari. Katika ukurasa wa sita palikuwa na maneno haya: "Valvu ya hewa, kilimani. Hali: mbovu." Kwa wasiolijua bomba, valvu ya hewa ni kifaa kidogo kinachowekwa sehemu za juu za mstari ili hewa itoke maji yanapojaa, na ikiziba, mstari mzima unakuwa kama chupa iliyofungwa kizibo. Kwa hiyo mzee hakuficha kitu. Aliandika, nasi tulisoma, lakini neno "mbovu" tulilielewa kama linavyoeleweka kwenye orodha ya manunuzi: kitu cha kununuliwa bajeti ikiruhusu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza, ikiwa valvu ya hewa imeziba kwa kutu tangu miaka hiyo yote, hewa ilikuwa ikitokea wapi kila alfajiri ya mgao.

Nilikwenda nyumbani kwake jioni, nikamkuta kwenye migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Nimesikia soko limeoga."

Nilimuuliza kwa nini hakuandika namna alivyokuwa akiifungua ile valvu. Hakukasirika. "Uliniuliza hali yake, nikakuandikia mbovu. Ikiwa mbovu tunafanyaje, hapo pa kuandikia hukuniwekea."

Alichokuwa akifanya ni hiki. Alifika chemba saa 10 usiku, saa nzima kabla ya ratiba, akafungua mizunguko mitatu tu, akakaa juu ya jiwe. Kule kilimani palikuwa na kioski cha maji chenye koki nne, na mama anayekisimamia, ambaye pia huuza maandazi, aliziacha koki zote wazi usiku wa kuamkia siku ya zamu. Hewa ilitokea hapo, ikipiga mluzi ambao majirani walikwisha kuuzoea kama wanavyozoea jogoo. Mluzi ulipokatika na maji yakaanza kutoka bila kurukaruka, mama alimbipu mzee mara moja. Hapo ndipo mzee alipofungua valvu iliyobaki, taratibu, na ilipotimia saa 11 maji yalikuwa yamefika kila mtaa, kama ratiba ilivyoandikwa. Ratiba, kwa hiyo, ilikuwa ikieleza mwisho wa kazi yake, nasi tulidhani inaeleza mwanzo.

Kulikuwa na jambo lingine. Mita huzungushwa na hewa kama inavyozungushwa na maji, na mita ya kioski ilikuwa ikihesabu uniti ambazo hazikuwa na hata tone. Mzee na msoma mita wa eneo lile walikuwa na daftari la shule la kurasa 48 walimoandika namba ya mita kabla na baada ya mluzi, na mwisho wa mwezi zile za hewa ziliondolewa. Mzee alipostaafu, msoma mita naye alihamishwa kanda. Mwezi uliofuata mama aliletewa ankara kamili, pamoja na hewa yake. Alikwenda kaunta, akaambiwa mfumo hauna makosa. Akarudi nyumbani, akafunga koki zake kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na hakuna aliyejua kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa amelifunga tundu la mwisho la bomba la inchi nane.

Nimekaa na kisa hiki kwa miaka mingi kuliko kinavyostahili pengine, na ninachokiona ni kwamba tulikuwa tukiifikiria mamlaka yetu kama mashine. Katika fikra hiyo, mtu ni spea: akitoka mmoja, anafungwa mwingine mwenye kipimo kilekile, yaani cheti kilekile na maelezo ya kazi yaleyale. Maarifa nayo huchukuliwa kama oili, kwamba unaweza kuyamwaga kutoka kopo hili ukayatia kwenye kopo lile na yasipungue. Wazo hili lina asili yenye heshima zake. Mmarekani Frederick Winslow Taylor, alipoandika mwaka 1911 juu ya kuendesha kazi kwa kanuni za kisayansi, alitaka menejimenti ikusanye maarifa ya jadi waliyokuwa nayo wafanyakazi, iyapange na kuyageuza kuwa sheria na fomula. Mfano wake mashuhuri ulitoka kiwanda cha chuma cha Bethlehem, ambako mpakiaji wa vipande vya chuma alitolewa kwenye tani 12.5 kwa siku akafikishwa tani 47.5. Hesabu yake mtu anaweza kuibishia, lakini mimi hunivutia zaidi aina ya kazi aliyoichagua. Kuinua chuma na kukibeba mpaka kwenye behewa ni kazi ambayo karibu yote inaonekana kwa macho ya anayesimama pembeni na saa mkononi. Angesimama na saa yake kando ya chemba yetu saa 10 usiku, angeona mzee amekaa juu ya jiwe, na angeandika kwamba anapoteza dakika 50.

Sisemi kwamba orodha na taratibu hazina kazi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara yetu hii ya Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Baadaye serikali ya jimbo la Ontario nchini Kanada ilizitaka hospitali zake zitumie orodha na kutoa taarifa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 na upasuaji zaidi ya 200,000 haukuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kuitumia karibu kila mara. Wataalamu wamevutana juu ya sababu, na hospitali za Kanada zilianza zikiwa na vifo vichache tangu awali. Kwangu mimi jibu kubwa liko kwenye kipengele kimoja cha ile orodha: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Kipengele hicho unaweza kukitia alama ya vema bila mtu kufungua kinywa. Unaweza pia kukifanya kweli, na muuguzi ambaye amekwisha kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya daktari bingwa atapata ujasiri wa kusema, dakika 40 baadaye, kwamba pamba moja haionekani. Karatasi zote mbili zitafanana zikifika masjala.

Mfano mkubwa zaidi wa fikra hii ya mashine katika ardhi yetu uko Kongwa, mkoani Dodoma. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikapanga kulima karanga Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mpango uligawa ekari 3,210,000 katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000, kana kwamba nchi ni shiti ya mabati inayokatwa kwa rula. Matrekta yaliletwa, na hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Udongo wa Kongwa ulizila zile mashine, na wakati wa kiangazi mfinyanzi wake ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikabaki zimeng'ang'aniwa chini. Mvua nazo hazikuja kama ilivyokadiriwa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Watu husimulia kwamba kosa lilikuwa kutowauliza Wagogo, wenyeji wa Kongwa, nami nakubali kwa kiasi, ila naongeza kwamba jibu halikuhitaji hata kuulizwa. Lilikuwa limesimama mashambani. Watu wanaoishi na ng'ombe wengi, wakalima uwele na mtama mahali ambapo wangeweza kulima kitu kingine, wamekwisha kukueleza habari za mvua ya nchi yao kwa uwazi kuliko jedwali lolote. Waliopanga walikuwa na watu waliosoma kilimo na walioijua Tanganyika, kwa hiyo wasionekane wajinga. Walichokosa ni nafasi kwenye hesabu zao ya kuandika alichokisema mtama, jinsi mimi nilivyokosa nafasi ya kuandika alichokifanya mama wa kioski.

Sasa nije kwenu, kwa mambo mnayoweza kuyafanya mkiwa bado wageni, kabla kazi haijawazoesha kutouliza.

Unapopokea kazi kutoka kwa anayeondoka, usimwombe akueleze. Mwombe mwende naye. Mzee alikubali kurudi, nasi tulikaa kwenye ile chemba alfajiri tatu, mimi na yule kijana. Alikuwa na kipande cha nondo, ncha moja kwenye bomba, nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Siku ya kwanza sikusikia ila ngurumo. "Sikiliza," alisema, "sasa limekohoa." Sikusikia kikohozi chochote. Nilimtaka anieleze kikohozi kinavyosikika, akajaribu, akasema ni kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia, akajicheka mwenyewe, akaacha. Siku ya tatu nilikisikia, na mpaka leo nami siwezi kukueleza. Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria, aliandika kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema, na mtu anaweza kuisoma sentensi hiyo mara kumi asiielewe mpaka akae na nondo sikioni.

Ukiwa huna fursa ya kwenda naye, basi uliza juu ya siku mbaya. Swali la "kazi hii inafanywaje" huleta majibu ya kwenye kabrasha, kwa sababu kila mfanyakazi anajua majibu yanayotakiwa na ofisi. Uliza: mara ya mwisho ilipoharibika ilikuwaje, na nani alikuwa wa kwanza kujua? Hapo ndipo yanapoanza kutajwa majina ambayo hayamo kwenye muundo wa taasisi: mlinzi wa tangi, dereva, mama wa kioski. Yaandike majina hayo. Ukikuta kwenye fomu neno moja lililosimama peke yake, kama "mbovu", "kawaida" au "hakuna", lichukulie kama mlango uliofungwa nusu, ukabishe hodi kwa aliyeliandika akiwa bado anapatikana.

Iheshimu pia chai ya saa nne. Mwanaanthropolojia Julian Orr, katika miaka ya 1980, aliwafuatilia mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox nchini Marekani, na akaona kwamba vitabu vya maelekezo viliwafikisha mahali fulani tu. Mashine ilipogoma kwa namna ambayo kitabu hakikuitabiri, waliitatua kwa kusimuliana visa, na visa hivyo walivipata wakila na kunywa kahawa pamoja. Sisi tulikuwa na kitu hichohicho chini ya mwembe wa karakana, nacho kilipunguzwa hadi dakika 15 na waraka wa kubana matumizi ya muda. Miaka miwili baadaye tukaletewa mfumo wa kompyuta wa kutunza maarifa, ambamo kila fundi alitakiwa kuingiza masomo mawili kila mwezi, na utekelezaji wake ukawekwa kwenye tathmini ya mwaka. Masomo yalimiminika. Nilipitia ya robo mwaka nikakuta kwamba ni muhimu kuvaa glavu, kwamba ni muhimu kuvaa glavu nzito, na kwamba fundi asisahau glavu. Lengo la idadi lilifikiwa kwa asilimia 100. Wakati huohuo fundi mmoja aliyejua kwa nini pampu ya pili hukata umeme siku za jua kali alikuwa akiwaeleza wenzake mwembeni, kwa dakika zake 15.

Siwadanganyi kwamba mtapendwa mkiuliza hivi. Wapo wazee watakaowaona mnataka kuwapokonya kazi, na hofu yao ina sababu, kwa kuwa wamewahi kuona mtu akijaza fomu Ijumaa na jina lake likiondolewa Jumatatu. Anza kwa kumsaidia kubeba mpini. Mwite mzee au mama kama unavyomwita jirani, na akikufundisha jambo, litaje jina lake mbele ya wakubwa unapolitumia. Wengi walionifundisha mimi walianza kusema kwelikweli baada ya kusikia kwamba niliwataja kwenye kikao ambacho wao hawakualikwa.

Ile fomu bado ipo, imepungua kutoka kurasa tisa hadi nne, na kila kifaa kina mistari mitano mitupu chini ya maneno "ikiwa mbovu, mnafanyaje?" Valvu mpya ya hewa ilifungwa kilimani baada ya miezi mingi ya barua, na yule kijana, ambaye sasa naye anaitwa mzee na mafundi wapya, bado hufika saa 10 akafungua mizunguko mitatu kwanza, kwa kuwa valvu mpya nayo itapata kutu siku moja. Mama wa kioski alikubali kuacha koki wazi kwa sharti kwamba uniti za hewa zitolewe kwenye ankara kwa maandishi, wala si kwa daftari la shule. Kitengo cha fedha kilitafuta kifungu cha kuziingiza uniti hizo, maana mfumo haukuwa na mahali pa kuandika kwamba mteja anaisaidia mamlaka kupumua. Hatimaye waliziingiza chini ya upotevu wa maji, na ziko huko mpaka leo.